Makala za moto wa nyika na za uchovu wa madereva chini ya jina moja: nizisomeje?

Mwanafunzi wa Ruaraka

Hamjambo wanajukwaa. Ninasomea shahada ya uzamili hapa Nairobi, na tasnifu yangu inahusu uchovu wa madereva wa malori ya masafa marefu. Nimetakiwa kupendekeza msimamizi wa pili, nami nimempata mtafiti wa Marekani ambaye orodha ya machapisho yake inanitatiza: sehemu moja ni moto wa nyika na misitu, sehemu nyingine ni usingizi wa madereva. Je, ni watu wawili waliochanganywa kwa sababu ya jina, au ni mtu mmoja anayerukaruka? Na idadi ya kunukuliwa kwake, ambayo si kubwa, niichukulieje?

Mkutubi wa Parklands

Ndugu, majina kuchanganywa ni jambo la kila siku, kwa hiyo anzia hapo. Google Scholar hukusanya makala kwa mashine, na mwenye ukurasa asipoukagua, kazi za wengine wenye jina kama lake huingia bila hodi. Mtafute kwenye ORCID, mfumo ulioanza mwaka 2012 unaompa kila mtafiti namba yake, kisha linganisha waandishi wenza wa pande zote mbili.

Usalama Kazini

Naafiki, ila mimi ningefungua kwanza sehemu ya mbinu. Wazimamoto wa nyika wa Marekani kwa kawaida hupangiwa siku 14 mfululizo, na zamu inaweza kufika saa 16. Mwongozo wao hudai saa 1 ya mapumziko kwa kila saa 2 za kazi au safari, na dereva hapaswi kushika usukani zaidi ya saa 10 katika siku moja ya kazi, kwa kuwa ajali za magari ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vyao, jambo ambalo sisi tunaowafikiria wakiwa katikati ya miali huwa hatulioni. Anayechunguza uchovu kambini kwao lazima akutane na dereva.

Hata kipimo huwa kilekile. Katika jaribio la umakini linalotumiwa sana, mhusika hukodolea macho skrini ndogo kwa dakika 10. Kila ishara inapotokea, baada ya kusubiri kati ya sekunde 2 na 10, hubonyeza kitufe, na akipitisha milisekunde 500 huandikiwa kwamba umakini ulimtoka. Unaweza kumpima hivyo mzimamoto aliyeshuka mlimani alfajiri, na unaweza kumpima dereva wa lori kwenye mizani ya Mlolongo. Dawson na Reid walionyesha mwaka 1997, katika jarida la Nature, kwamba mtu aliyekesha saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Uchovu wa namna hiyo haujali kama umebeba jembe la kuzuia moto au umeshika usukani.

Kuhusu kunukuliwa, kiashiria cha h, alichokipendekeza Hirsch mwaka 2005, huhesabu tu: mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Kazi nyingi za afya ya wazimamoto zilitoka kama ripoti za kituo cha Idara ya Misitu ya Marekani kilichopo Missoula, na wasomaji wa ripoti hizo ni viongozi wa vikosi, ambao hawaandiki makala za kuzinukuu.

Mhakiki

Hapo kwenye ripoti tunatofautiana kidogo, mwenzangu. Ripoti ya idara haikupitia uhakiki wa nje kama makala ya jarida, na bodi ya chuo itauliza. Angalia kama ana kazi katika International Journal of Wildland Fire au Accident Analysis & Prevention, na kama jina lake liko mwanzoni au limefichwa katikati ya waandishi 12.

Mwanafunzi wa Ruaraka

Asanteni sana. Waandishi wenza wawili wanajitokeza pande zote mbili, na katika makala tatu za majarida hayo yeye ndiye wa kwanza. Nitamwandikia wiki hii.

Usalama Kazini

Vyema. Katika barua mweleze kwamba Sheria ya Trafiki ya Kenya inamwekea dereva wa gari la biashara kikomo cha saa 8 ndani ya saa 24, kisha umuulize kama namna anavyopima usingizi wa mzimamoto anayelala hemani inamfaa dereva anayelala ndani ya kebini huku akilinda mzigo.