Simu ya ndani ya nyumba kwa Asterisk: nataka mama anyanyue mkonga tu

Bakari_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga. Linux naitumia kila siku, ila mambo ya simu ni mageni kwangu.

Mama analala vyumba vya uani. Miguu inamsumbua, macho nayo yamepungua nguvu, na simu za kugusa kioo hazitaki kabisa. Anachotaka ni simu kama za zamani, ya mezani, yenye mkonga na waya wake. Nataka akinyanyua tu iite sebuleni kwa mke wangu, iite kwangu dukani mtaa wa pili, na ikiwezekana iite kwa dada yangu aliyeolewa Mombasa.

Nina laptopu ya zamani ya RAM 4GB, kioo kimepasuka lakini betri bado inashika. Nimeiwekea Debian 12 (aina ya Linux) ili niendeshe Asterisk, programu inayogeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu. Nilipoandika `apt install asterisk` nikajibiwa pakiti haipo, basi nikakompili (nikalijenga kutoka msimbo wake) toleo la 22 mwenyewe na likakubali. Maelezo niliyoyapata yanasema nijaze sip.conf. Nimejaza, lakini Linphone (programu ya kupiga simu kupitia mtandao) iliyo kwenye simu yangu haijisajili, na Asterisk yenyewe haitoi hata mstari mmoja wa kosa.

Tatizo liko wapi? Na hiyo simu ya mezani inaungwaje? Jamaa mmoja kaniambia nitumie WhatsApp yaishe. Mama hana WhatsApp na hataki kuwa nayo. Natanguliza shukrani.

FundiMitambo

Bakari, hongera kwa kumhangaikia mzazi. Mimi nimekulia kwenye mitambo ya simu za waya, kwa hiyo swali lako nimelisoma mara mbili.

Asterisk yako ni nzima. Faili ya sip.conf haisomwi tena. Ilikuwa ikisomwa na chan_sip, moduli ya zamani ya Asterisk, ambayo ilitangazwa kuwa inaachwa tangu toleo la 17, na ilipofika toleo la 21 mwaka 2023 ikaondolewa moja kwa moja. Ndiyo maana huoni kosa lolote: hakuna anayesikiliza mlango wa 5060, na Linphone inabisha kwenye nyumba isiyo na mtu. Maelezo mengi yanayozunguka mtandaoni ni ya enzi hizo, kwa hiyo ukiona sip.conf popote funga ukurasa uendelee mbele. Kuhusu Debian, toleo la 12 lilitoka bila pakiti ya Asterisk, basi kukompili ndiyo ilikuwa njia yenyewe.

Sasa fungua pjsip.conf, faili iliyochukua nafasi ya sip.conf. Weka transport moja ya UDP (njia ambayo simu zitapitia), halafu kila simu ipate sehemu tatu: endpoint (simu yenyewe), auth (jina na pasiwedi) na aor (mahali inapopatikana). Kwenye aor usiache kuandika `max_contacts=1`. Bila mstari huo thamani yake ni sifuri, na simu itakataliwa hata pasiwedi ikiwa sahihi kabisa. Hapo ndipo watu wengi wanapokesha.

Simu ya mezani inahitaji adapta ya kuiunganisha na mtandao. Kuwa makini dukani, maana kuna tundu la FXS na la FXO. FXS ndiyo inayoipa simu umeme na kupiga kengele, ndiyo unayoitaka wewe. FXO ni ya kupokea laini inayotoka nje. Wauzaji wengine hawatofautishi, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye kifaa chenyewe kabla ya kutoa hela. Grandstream HT801 ina FXS moja na inatosha: upande mmoja waya wa simu ya mama, upande wa pili waya wa mtandao kutoka kwenye ruta.

Na hili la kunyanyua mkonga bila kubonyeza, hapa ndipo mama atakapofurahi. Ingia kwenye ukurasa wa adapta, tafuta Offhook Auto-Dial, andika 100. Kisha kwenye extensions.conf, faili ya Asterisk inayosema namba gani iite wapi:

`exten => 100,1,Dial(PJSIP/101&PJSIP/102&PJSIP/103,40)`

101 ni sebuleni, 102 dukani, 103 Mombasa. Zote zitaita kwa pamoja kwa sekunde 40, atakayewahi ndiye ataongea na mama, nyingine zitanyamaza. Hana namba ya kukariri wala kitufe cha kutafuta. Kwa mtu mwenye macho dhaifu huo ndio usaidizi wenyewe, na umeupata kwa mstari mmoja.

Laptopu yenye betri ni bora kuliko Raspberry Pi (kompyuta ndogo isiyo na betri) kwa kazi hii, kwa sababu umeme ukikatika yenyewe haizimi. Kwenye /etc/systemd/logind.conf andika `HandleLidSwitch=ignore` ili uweze kuifunga na kuiweka juu ya kabati. Ila ruta na adapta zitazima umeme ukikatika, na simu itakufa nazo. Vitafutie UPS ndogo ya DC (betri ya akiba). Ruta nyingi ni volti 12, HT801 ni volti 5, basi tazama isiwe inayotoa aina moja tu ya volti.

La mwisho nakuomba sana ulizingatie: simu hii haitafika 112, namba ya dharura. Mama awe na kisimu cha vitufe chenye laini ya kawaida karibu na kitanda, hata kama hakitumii.

Mwanaisha_Kisauni

Kaka Bakari, salamu kutoka Mombasa. Fundi amemaliza ya nyumbani, mimi niongeze ya huku kwa dada.

Tafadhali usifungue mlango wa 5060 kwa dunia nzima. Ukiifungua utaona kwenye logi majina ya ajabu yakijaribu kuingia usiku na mchana. Hao wanatafuta mtambo wenye laini ya nje wapige simu za kimataifa kwa gharama ya mwenyewe.

Tumia WireGuard, yaani VPN, njia ya siri kati ya vifaa vyenu kupitia intaneti. Iko ndani ya kerneli (kiini cha Linux) tangu 5.6 ya mwaka 2020, kwa hivyo Debian yako inayo tayari. Lakini kwanza tazama anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye ruta. Ikiwa ni kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na hakuna atakayekufikia kutoka nje. Hapo kodi seva ndogo ya bei ya chini, laptopu yako, simu yako ya dukani na simu ya dada zote ziungane nayo. Upande ulio nyumbani weka `PersistentKeepalive = 25`, la sivyo ruta itasahau njia mkinyamaza kidogo.

Kwenye simu ya dada, toeni Linphone na WireGuard katika orodha ya programu zinazobanwa na kiokoa betri. Android ikizilaza, simu haitaita.

Kwa Fundi, kwa heshima: si kila mtu apende kuandika faili kwa mkono. FreePBX 17, programu ya kuendesha Asterisk kwa kurasa za kivinjari, inakaa juu ya hiyo hiyo Debian 12 na kila kitu ni kubonyeza.

FundiMitambo

Dada Mwanaisha, la WireGuard nakuunga mkono. La FreePBX sikubali kwa nyumba yenye simu nne. Agosti 2025 tundu la usalama lenye namba CVE-2025-57819 lilitumika kuvamia mitambo ya FreePBX iliyoacha ukurasa wa usimamizi wazi intaneti. Faili mbili anazozielewa Bakari, anaweza kuzitengeneza saa nane za usiku. Ofisi ya watu hamsini, hapo sawa, tumia FreePBX.

Doto_Geita

Wakuu, naweza kuchomeka modemu ya USB yenye laini, ili simu za kawaida ziingie humo humo?

FundiMitambo

Inawezekana. Kuna moduli ya chan_dongle kwa baadhi ya modemu za Huawei za zamani, ila modemu iwe imefunguliwa upande wa sauti. Fanya hivyo kwa laini yako na matumizi ya nyumbani kwako. Ukianza kupokea simu za watu za kimataifa na kuziingiza nchini kupitia laini ya kawaida, hiyo ni simboksi, na ni kosa la jinai.

Bakari_Ngamiani

Mrejesho. Adapta imepatikana, mama ananyanyua, sebuleni na dukani panaita, sauti safi. Amenipigia kuuliza bei ya unga ambayo anaijua. Shida imebaki Mombasa: simu inaita, dada anapokea, halafu kimya pande zote mbili. Nikimpigia dada kwa Linphone ya dukani tunasikizana vizuri.

FundiMitambo

Hapo umenirahisishia kazi. Simu yako ya dukani iko kwenye WireGuard, adapta ya mama haipo. Asterisk ikishaunganisha simu hujaribu kujitoa katikati ili sauti ipite moja kwa moja baina ya hao wawili, na adapta haijui njia ya kufika anwani ya dada. Weka `direct_media=no` kwenye endpoint zote nne, kisha ndani ya Asterisk andika `pjsip reload`. Sauti itapitia kwenye laptopu. Usihofu mzigo, G.711 (mfumo wa kusafirisha sauti ya simu) pamoja na vichwa vyake ni kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande.

Bakari_Ngamiani

Imekubali! Wanaongea sasa hivi, na naona hawamalizi leo. Asanteni sana, Fundi na dada Mwanaisha. Kesho naanza kutafuta hiyo UPS ya volti 12 na volti 5.