Waratibu wanafunzi wa kongamano la ajira tumefanya kazi miezi mitatu, sasa tunaambiwa tulikuwa tunajitolea

Ndugu wanajukwaa,

Nisingefungua uzi huu kama tangazo lilelile lisingebandikwa tena Jumatatu hii nje ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kwa maneno yaleyale tuliyoyasoma sisi mwaka jana: nafasi sita za uongozi kwa wanafunzi watakaoratibu shughuli za taaluma na ajira, posho itatolewa. Sisi sita tuliotangulia hatujaiona posho hiyo mpaka leo. Chuo sikitaji kwa sababu bado nina muhula mmoja mbele yangu. Itoshe kusema kwamba ni chuo kikuu cha binafsi kilichopo Dar es Salaam.

Tulisailiwa mwezi Februari mbele ya watu watatu, tukaelezwa kwa mdomo kwamba kila mmoja atapata shilingi 180,000 baada ya kongamano la mwishoni mwa Mei, na kwamba nauli na vocha tutarudishiwa. Karatasi hatukupewa, na kwa kuona haya hakuna kati yetu aliyeiulizia. Kuanzia Machi tuliandika barua za mwaliko kwa waajiri 43, na kwa kuwa ofisi nyingi za mjini haziitilii maanani barua isiyo na mhuri, ilitubidi tuzipeleke kwa mkono, kuanzia Posta na Upanga hadi viwandani Barabara ya Nyerere. Kuna masijala moja niliyokwenda mara tatu kwa barua ileile: mara ya kwanza haikuwa na kumbukumbu namba, mara ya pili aliyetusainia alisahau kuandika "kny" (kwa niaba ya) juu ya jina la bosi wake, na mara ya tatu mpokeaji alikuwa amekwenda kula, nikamsubiri kwenye benchi mpaka saa tisa na nusu. Wengi wetu tunaishi kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambao kwa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na siku ya safari za namna hiyo bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, liliishia kwenye daladala na bodaboda.

Kongamano lenyewe lilifana, na hilo nalisema bila kujisifu. Walikuja waajiri 19. Tulichojifunza, na ambacho ofisi ilikataa kukisikia tulipokisema kwenye kikao cha Aprili, ni kwamba wanafunzi hupanga foleni na wasifu wao kwenye meza za taasisi za umma ilhali ajira za serikali haziombwi mezani, zinaombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Tukaamua wenyewe kuweka kompyuta mpakato mbili chini ya mwembe, moja yangu na moja ya mwenzangu, kuwasaidia watu kujisajili kwenye mfumo huo. Foleni yetu ikawa ndefu kuliko zote, na nusu ya waliofika hawakuwa hata na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Picha ya foleni hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye jarida la chuo, ikiwa na maelezo kwamba ni ubunifu wa ofisi.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini hapa, kwa sababu ndipo hasira yangu ilipoanzia. Saa nane mchana kulikuwa na mada kuhusu haki za mfanyakazi mpya, na mtoa mada alikuwa wakili. Aliwaambia wanafunzi waliojaa ukumbini kwamba wasikubali kuanza kazi bila maelezo ya maandishi yanayotaja kazi, tarehe ya kuanza, saa na ujira, kwa kuwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo hayo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na fulana iliyoandikwa MRATIBU, nimeshika kipaza sauti cha waulizaji, nikikipitisha mstari hadi mstari. Kijana mmoja akauliza, "Na kama umeshaanza kazi bila hiyo karatasi?" Ukumbi ulicheka. Mimi sikucheka.

Jibu la wakili nililiandika kiganjani. Alisema kwamba shauri likifika mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuonesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye mwajiri.

Baada ya hapo yalianza yale mnayoyafahamu. Juni tuliambiwa mhasibu yuko likizo. Julai tukaambiwa fungu limefungwa pamoja na mwaka wa fedha. Septemba nilikwenda peke yangu, nikamwamkia afisa anayehusika, nikamwonesha daftari langu la matumizi, naye akanijibu kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi: "Mwanangu, nyie mlijitolea. Ile ilikuwa nafasi ya kujifunza uongozi, na vyeti mmepewa." Cheti ninacho hapa mezani. Kimeandikwa kwamba nilikuwa mshiriki wa kongamano, neno uratibu halimo, na jina langu la ukoo limekosewa herufi mbili. Kumbe ndiyo maana tangazo liliandikwa "uongozi": mfanyakazi hudai ujira wake, kiongozi akidai anaonekana mchoyo.

Najua watatokea wa kusema kwamba mwanafunzi si mwajiriwa. Someni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, ambacho kinasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa, mojawapo likiwa kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Daftari langu linaonesha saa 52 Machi, saa 61 Aprili na saa 78 Mei. Saa za kuja na kuondoka tulipangiwa na ofisi, na aliyechelewa kikao cha saa moja asubuhi aliandikwa.

Kosa letu ni kuvumilia. Madai ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na sisi siku hizo tulizimaliza tukisubiri mhasibu arudi likizo. Nimesoma kwamba mtu anaweza kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu za msingi. Je, yupo hapa aliyewahi kuomba akakubaliwa, na kuzungushwa na ofisi kwa ahadi kunahesabiwa kuwa sababu ya msingi?

Jambo jingine nalitaja kwa ufupi, ingawa linanikera. Siku ile tuliagizwa kuandikisha majina na namba za simu za wote waliohudhuria, tukiambiwa ni kwa ajili ya takwimu za ofisi. Wiki mbili baadaye wenzetu wakaanza kupigiwa na mawakala wa bima wanaolipwa kwa kamisheni, na lawama zikatuangukia sisi tuliokuwa na kalamu mkononi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani. Sisi wenyewe lengo hilo tulidanganywa.

Sidai fidia wala umaarufu. Nadai shilingi 180,000 mara sita, nauli na vocha kwa mujibu wa daftari, cheti chenye jina langu sahihi na kazi niliyoifanya, na tangazo la ubaoni liondolewe mpaka litakapoandikwa kiasi cha posho na tarehe ya kulipwa. Ratiba 400 za siku ile zilichapwa kwa mkopo kwenye stesheneri ya getini, kwa jina langu, kwa kuwa niliahidiwa hundi ingetoka kesho yake. Deni ni shilingi 64,500, na siku hizi napita geti la nyuma.

Kuna kijana wa mwaka wa pili aliyenitumia ujumbe juzi akiuliza kama aombe nafasi hiyo. Nilimwambia aombe, ila adai maandishi yaliyosainiwa kabla hajabeba hata kiti kimoja. Jana jioni amenijibu kwamba aliyadai kwenye usaili, akaambiwa kwamba wanatafuta watu wenye moyo.