Tupeane uzoefu: kipindi cha utamaduni wa mji kinapoaga hewani, Lamu

Mwenye mada
Mji wa Amu, yaani Lamu, umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Kuta zake zina wa kuzitunza. Sauti zake zinategemea kanda za vipindi vya redio vya hapa hapa. Kipindi kama hicho kikifika tamati, siku ya kuaga hutayarishwa miezi kabla. Mwenye ujuzi wa kanda, kurekodi, kutunga au kupanga saa, karibu. Leteni vipimo na makosa.

Fundi Langoni
Anzeni na kaseti, ndizo zinazokula muda. Kaseti ya dakika 90 huhamishwa kwa dakika 90, hakuna mkato. Kaseti 40 ni saa 60 mbele ya mashine. Kwanza ipeleke hadi mwisho na uirudishe, utepe uachane pale ulipogandana. Kichwa cha mashine kisafishwe kwa pamba na spiriti kila baada ya kaseti mbili tatu. Sauti ikitoka kama ya mtu aliyejifunika shuka, mara nyingi kichwa kimekaa upande: kando yake kuna skrubu ndogo, izungushe taratibu hadi "s" za msemaji zisikike kali. Unga mweupe juu ya utepe ni ukungu. Kaseti hiyo usiicheze, itachafua mashine na kaseti zote zitakazofuata.

Hifadhi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, 48 kHz, biti 24. Sauti ya mono hula karibu MB 9 kwa dakika. MP3 ya kbps 128 ni karibu MB 1, yafaa kutumiana kwenye simu, si ya kuweka ghalani. Nakala ziwe tatu, moja itoke nje ya kisiwa. Chumvi na unyevu wa hapa huharibu diski zote za nyumba moja. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha mtaa, kisha ngoma. "Kipindi kizuri 2" halitamsaidia mtu.

Bi wa Mkomani
Ahsante, fundi. Kwa sauti mpya za mji, rekodini baada ya sala ya alfajiri, kabla mashine za maboti na pikipiki za ufuoni hazijaamka. Kusi likivuma, maikrofoni bila kofia ya manyoya hurekodi upepo tu. Ingieni kichochoroni, lakini mkumbuke kuta za mawe hurudisha sauti: msogeleeni msemaji, shubiri moja kutoka mdomoni.

Zumari msiliwekee maikrofoni mbele ya mdomo wake. Mita mbili, kwa ubavu, na kipimo cha sauti kwenye mashine kisipite -12 dB, kwani likipanda ghafla hupasua rekodi na hakuna dawa baadaye. Mpigaji huvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakisukuma hewa, kwa hiyo sauti haikatiki. Ukitaka kufupisha, kata panapobadilika pigo la ngoma, usingoje zumari linyamaze.

Na vugo: nyimbo zile za harusi huimbwa wanawake wakiwa peke yao. Kukubali kurekodiwa si kukubali kurushwa hewani. Waulizeni mara mbili, na akikataa mmoja tu, wimbo ule ubaki kabatini.

Maalim wa Vina
Shairi la kuaga: mizani (silabi) 16 kila mshororo, nane kwa nane. *Mawimbi yarudi mbali, Amu yabaki na nyimbo.* Hesabuni kwa vidole. Watu huangukia kwenye "mji", wakaupa mizani moja. Ni mbili, m-ji. "Redio" ni tatu. "Kwaheri kipindi chetu" hukaa sawa kwa nane, ukisema "kwaherini" umezidisha. Shairi likighaniwa, beti sita zinatosha kwa dakika nne. Na anayesema Kiamu, lahaja ya hapa, msimsahihishe: ndia (njia) ibaki ndia, muyi (mji) ubaki muyi.

Mpanga Saa
Anzeni saa mbili na robo usiku, Isha imeshasaliwa. Kwa dakika 60 mimi napendekeza salamu na dua 3, sauti za mji 8, shairi 4, ngoma 10, simu 20, mafundi na wasaidizi watajwe 5, kufunga 4. Sita zilizobaki ni akiba, na zitaliwa. Hotuba za wakubwa zisipewe dakika zao hapo. Zikiingia, wasikilizaji waliokisubiri kipindi kwa miaka ndio watakaokatwa.

Simu zipokewe kwanza nje ya hewa. Mpigaji azime redio yake, la sivyo atajisikia kwa kuchelewa, atababaika, na mluzi utaingia. Anayeanza kulia asikatwe. Mtangazaji anyamaze sekunde tatu, amwite tena kwa jina lake.

Mgeni Shela
Samahani, Bi. Na maulidi ya msikiti wa Riyadha yaliyomo kwenye kanda za zamani?

Bi wa Mkomani
Mwendeeni kwanza mzee wa msikiti, na kipande mumsikilizishe, msimsimulie. Wapiga ngoma waliokwisha fariki, ulizeni jamaa zao.

Fundi Langoni
Nyongeza. Mkishafunga, msizime mashine ya kurekodi. Iacheni dakika mbili zaidi, maikrofoni zikiwa wazi: viti vinavyosogezwa, watu wanaopeana mikono. Kipande hicho kipeni jina na tarehe kama vingine.