Nataka kupinga mswada wa misitu na mimi ni seremala, nianzie wapi?
(Mazungumzo haya ni ya wakati mswada wa 2021 ulipokuwa bado kwenye bunge la Kenya.)

fundi_randa
Habarini za jioni wadau. Mimi ni seremala huku Gede, napiga makochi na milango, mwaka wa 14 sasa. Nimesikia redioni kuna mswada wa 2021 uko bungeni wa kubadilisha ile sheria ya misitu ya 2016, ati ukipita misitu ya serikali itamegwa na miti itaanguka ovyo, na mimi nikitoka tu kwangu msitu wa Arabuko Sokoke nauona ule pale, basi roho hainitulii. Shida nikisema nataka kupinga watu wananicheka. Babamkwe aliniambia mazishini mbele ya watu, "mbao ndiyo inakulisha wewe, leo ushakuwa rafiki wa mti?" Na siwezi kumjibu vibaya, mzee mwenyewe ndiye alinipa randa yangu ya kwanza. Halafu si kwamba hawana hoja, tangu marufuku ya kukata miti ya 2018 bei ya mbao imenichoma hata mimi, nyingi ninazotumia ni paina kutoka Tanzania.

Lakini kuna jamaa alinijia usiku na bodaboda, mbao tatu za mbambakofi kazifunga kwa gunia, mbichi bado, alama za pawa soo, msumeno wa injini, zaonekana waziwazi, bei ya kutupa. Nilizishika nikazirudisha, manake mbambakofi najua ikipigwa randa inavyotoka, na najua pia kuwa aliyepanda mti ule hayuko, haukupandwa na mtu. Sikulala. Sasa nipigie kelele wapi? Nimeishia form four, nisije nikaitwa mchochezi.

wakili_wa_mtaa
Fundi, kwanza kuwa mtulivu, maana hapo pa "miti itaanguka ovyo" ndipo watakapokutupia karatasi yako. Mswada hausemi popote kateni miti. Unachogusa ni kifungu cha 34. Sheria ilivyo sahii, mtu akitaka mpaka wa msitu wa umma ubadilishwe anapeleka ombi bungeni, lakini ombi halifiki huko mpaka Huduma ya Misitu, hawa KFS, walipendekeze. Mswada unataka kuuondoa huo mlango wa KFS, ombi liende moja kwa moja kwa wabunge. Wenye mswada wanadai mlango huo unamnyima mwananchi haki yake ya kupeleka maombi bungeni, kifungu cha 119 cha katiba. Si hoja ya kijinga hiyo, ijibu, usiikwepe. Sema haki ya kuomba haimalizi haja ya mtaalamu kupima kwanza, kwa sababu mpaka ukishasogezwa kipande kile si msitu tena kisheria, na pawa soo haitahitaji kuja usiku.

Uchochezi toa akilini. Kifungu cha 118 kinalilazimisha bunge kushirikisha umma. Unaandika maoni yako, unayapeleka kwa Karani wa Bunge, nakala kwa kamati ya mazingira na kwa mbunge wako. Jina, sahihi, kifungu unachokipinga, sababu. Ukurasa mmoja wenye namba ya kifungu watausoma, kumi za kulia hawasomi.

Kijana_wa_Mpakani
Mnapendeza kweli mkiongea. Mimi shamba letu liko kando ya huo msitu, ndovu akitoka mahindi ya msimu mzima yanaisha usiku mmoja, na kuna watu humu Kilifi wamezeeka bila hati ya ardhi. Mtu kama huyo unamwambia nini kuhusu ndege wa msituni?

MamaVipepeo
Mwanangu hapo umesema kweli na sitakubishia njaa. Ila nikuulize, msitu ukimegwa unadhani kipande kitakuja kwako wewe? Umeona wapi? Mimi nafuga vipepeo, ile kazi ya mradi wa Kipepeo tangu miaka ya 90, viwavi nawalisha majani, wakijifunga nawapeleka pale Gede wanauzwa nje ya nchi. Karo ya wawili imetoka humo. Si pesa ya kujengea ghorofa, lakini vipepeo wenyewe mbegu yao inatoka msituni, msitu ukiisha nitafuga nini, kuku wa kisasa?

Fundi usiache kuandika hayo. Ya ndovu pia andika, usijifanye hayapo.

Nyeri_baridi
Huku kwetu wazee bado wanakumbuka msitu wa Karura kule Nairobi, Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 kwa kwenda tu kupanda miti langoni. Msitu uko mpaka leo. Nyinyi mnaulizwa karatasi na stempu, pelekeni bana.

wakili_wa_mtaa
Nimesahau jambo. Kifungu hichohicho cha 34 kinataka mwenye ombi aonyeshe kwamba kusogeza mpaka hakutahatarisha viumbe adimu wala chemchemi za maji. Hapo Arabuko ina nguvu kuliko misitu mingi: kuna ndege aitwaye mnana wa Clarke, hapatikani nje ya Kilifi, yule bundi mdogo wa Sokoke, na sange mwenye kiuno cha dhahabu, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Uliza swali moja tu, KFS akitolewa nani atayapima haya? Mbunge? Na mswada ukipita bado kuna kifungu cha 70 cha katiba, unaenda kortini kuhusu mazingira bila kuthibitisha kwamba umepata hasara wewe binafsi.

fundi_randa
Ahsanteni sana jamani, nimerudi. Nimeandika ukurasa mmoja kwa mkono, nimeanza na "mimi ni seremala", nimeweka kifungu cha 34, ndovu wa kijana nimemtia, na zile mbao tatu pia bila kumtaja mtu. Nimemsomea babamkwe jana baada ya isha. Akanyamaza kitambo akasema umeacha mvinje. Watu wanapanda mivinje mashambani mwao, inauzwa nguzo za kujengea, mwarobaini nao unatoa fanicha nzuri tu, basi andika serikali itusaidie tupande yetu, hapo hata mimi natia sahihi. Nimeongeza. Ametia, na sasa anataka tuwapelekee wazee wa msikitini Ijumaa. Kuna anayejua nakala ngapi zinahitajika?