Naomba ushauri: bia yangu ya Kiskoti imekosa utamu wa kimea

Wadau, habarini. Naishi Edinburgh na nimeipenda bia yao ya asili, ile ya "shilingi 80". Jina lilitokana na bei ya pipa karne ya 19; nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani wananitania na shilingi yetu. Ladha yake ni kimea hasa: utamu wa sukari iliyoungua kidogo, ganda la mkate, na uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) kwa mbali sana.

Sasa najaribu kuipika nyumbani, lita 20. Nimetumia kimea cha shayiri na konzi moja ya shayiri iliyokaangwa, kwa ajili ya rangi. Maji ya kwanza yaliyochujwa kutoka kwenye kimea kilicholowekwa nikatoa lita 3, nikayachemsha pembeni mpaka ikabaki lita 1, nzito kama asali. Hamira ikafanya kazi kwenye nyuzijoto 24, maana stoo yangu iko karibu na boila.

Rangi imetoka safi, ila inanukia ndizi mbivu na ule utamu haupo. Tatizo ni joto? Nishushe hadi 16? Jirani anasisitiza niweke kimea cha moshi (kilichokaushwa kwa moshi), mimi naona hayo ni mambo ya wiski. Mliowahi kupika nisaidieni, naanza tena Jumamosi.