Historia ya mji mdogo: HathiTrust au Internet Archive?

Kalamu_Kavu: Wakuu, nakusanya historia ya mji mmoja mdogo: shule ya kwanza, daraja, nani alimiliki ardhi ipi. Nimebaki na HathiTrust na Internet Archive, hizi maktaba za mtandaoni za vitabu vilivyoskaniwa. Ipi inafaa zaidi? Msinitajie wingi wa vitabu, huo nauona mwenyewe.

Faharasa: Zote mbili, ila kila moja na kazi yake. HathiTrust ni ya kutafutia. Inapekua maneno ndani ya vitabu hata vile ambavyo bado vina hakimiliki. Ukurasa hutauona, lakini utatajiwa namba za kurasa zenye jina la mji wako. Ukishazipata, kitabu unakifuata maktaba. Shida ni kupakua kitabu kizima, maana vingi wanaruhusiwa watu wa taasisi wanachama wa HathiTrust tu. Hapo ndipo Internet Archive inapokuokoa: kitabu kisicho na hakimiliki unakichukua chote, PDF au maandishi matupu.

Makabrasha: Mimi kwanza napima usomaji wa mashine, yaani jinsi picha ya ukurasa ilivyogeuzwa kuwa maandishi ya kutafutika. Fungua ukurasa wa gazeti la zamani, chagua tangazo lenye jina la mtu, kisha litafute jina hilohilo. Lisipotokea, ujue kuna mengine mengi yanakupita. Vitabu vya Kiingereza vya karne ya 18 ndiyo balaa: s ndefu, herufi ya zamani inayofanana na f, husomwa f, "west" inageuka "weft". Trove, hifadhi ya mtandaoni yenye magazeti ya zamani, wamewazidi wengi hapo, msomaji yeyote anaweza kusahihisha maandishi ya gazeti.

Kalamu_Kavu: Trove si ya Australia, mkuu?

Makabrasha: Ndiyo, na mji wako ukiwa kwingine haitakusaidia sana. Magazeti ya zamani ya Marekani yako kwenye tovuti ya Chronicling America, bure. Ya Uingereza yako British Newspaper Archive: kutafuta ni bure, kusoma kurasa nyingi unalipia. Tafuta kwanza, ulipe ukiona kuna kitu.

DogoRamani: Mbona ramani mmeziruka? Mkusanyo wa mtandaoni wa David Rumsey, mkusanyaji wa ramani, una ramani za kale unazoweza kuzilaza juu ya ramani ya leo. Kama daraja lilihamishwa, linaonekana palepale.

Faharasa: Kweli, dogo. Kalamu, kabla hujaandika kwamba mwaka fulani hakukuwa na habari za mji, kagua ni matoleo gani ya gazeti yaliyoskaniwa. Huenda mwaka mzima haujawekwa. Na jina la mji litafute kwa tahajia zake zote za zamani.

Kalamu_Kavu: Nashukuru. Naanza na daraja, HathiTrust.