Tupeane uzoefu: wanaokuja mituweli wakiwa tayari kitandani

Mweka hazina, Kadutu
Ndugu wa mituweli za Bukavu, hizi bima zetu za afya za kuchangiana, kampeni ya kuandika wanachama inakaribia kufungwa na wa mbele kwenye mstari ni mwenye ngiri, mwenye uvimbe tumboni na mwenye mimba ya miezi minane. Wazima wako sokoni. Kila komine ieleze inavyojikinga. Hesabu ninayowapa watu ni hii: tuseme wanachama ni 100, kila mmoja dola 5, sanduku lina 500. Upasuaji wa dola 200 mara mbili, zinabaki 100 za malaria. Wazima 60 wakisema "nitalipa nikiugua", sanduku linashuka hadi 200 na upasuaji ni ule ule. Mwaka ujao unadai dola 12, na wazima wengine wanatoka. Mituweli inakufa bila mtu kuiba hata franka moja.

Muuguzi, Bagira
Ndivyo kabisa. Wiki ya mwisho ni ya wagonjwa.

Mhamasishaji, Ibanda
Andikeni nyumba nzima. Ukiruhusu mtu mmoja mmoja, baba ataandika nyanya mwenye presha na kuacha vijana watano. Pita nyumbani, hesabu vichwa. Halafu miezi 3 ya kungoja kabla ya mwanachama mpya kulipiwa matibabu ihesabiwe toka siku mchango umekamilika, si toka awamu ya kwanza. Hapo wengi wanakosea: mtu anatoa dola 1, anapewa kadi, anamalizia siku ya kulazwa. Kadi ibaki kwa mweka hazina. Na muhuri ukae nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi, la sivyo mtoto wa jirani atatibiwa kwa kadi yenu.

Mkunga, Kadutu
Hiyo miezi 3 inaumiza mno uzazi. Mama anafika saa nane ya usiku, mkono wa mtoto umetangulia. Mume anakimbilia kwa mweka hazina na pesa ya mwaka mzima, anaomba tarehe iandikwe nyuma. Akikubaliwa, tarehe ya kadi haifuatani na namba ya risiti. Daktari mshauri wa mituweli akikagua fakture ya hospitali mwisho wa mwezi anaikata, na deni linamrudia mama akiwa bado na mshono. Akikataliwa, anapasuliwa, kisha anazuiwa wodini na mtoto mpaka jamaa wachange.

Mweka hazina, Kadutu
Mama, nikimfungulia huyo, nani atalipa mapema?

Mkunga, Kadutu
Papa, sikusema umfungulie. Waandikeni kwenye kliniki ya wajawazito, mimba ikiwa changa. Kungoja kutaisha kabla ya uchungu.

Mhamasishaji, Ibanda
Hapana. Huko mtakusanya wenye gharama peke yao.

Mkunga, Kadutu
Na mume na watoto wake je? Si umesema nyumba nzima?

Mwalimu wa uchumi, Ibanda
Tatizo hili si letu peke yetu. Marekani, sheria ya 2010 ilikataza bima kumfukuza mgonjwa, kwa hiyo ikaweka msimu wa kujiandikisha, ruzuku, na faini kwa anayekaa nje: mwaka 2016 ilikuwa dola 695 kwa mtu mzima au asilimia 2.5 ya mapato, kubwa kati ya hizo. Toka 2019 faini ya serikali kuu ni sifuri, msimu umebaki. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda inalazimisha kila mtu awe na bima. Sisi tuna sheria ya mituweli ya tarehe 8 Februari 2017, lakini mlangoni hapiti mtoza faini. Silaha yetu ni kungoja, na vikundi.

Mtunza dawa, Bagira
Na dawa! Mwanachama akitumwa kununua nje dawa ya malaria, kadi mkononi, mwaka ujao halipi, na hapo si ujanja wake. Kabla ya kampeni hesabuni dawa za malaria, amoksisilini, chumvi za kuharisha. Zikiwa za kutosha pungufu ya miezi 2, msianze kuandika.

Muuza samaki, Kadutu
Chukueni likelemba nzima, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu. Mweka pesa wetu akate kidogo kila wiki. Sisi hatukukutana kwa sababu ya ugonjwa, mtupunguzie kungoja kuwe mwezi 1.

Mhamasishaji, Ibanda
Msimpunguzie mtu yeyote. Ukianza, hutaacha.

Mweka hazina, Kadutu
Likelemba yenye daftari la mwaka mzima, nakubali. Iliyoundwa juzi, hapana: majina matano ya kwanza yatakuwa ya wagonjwa. Mama, leta daftari Jumatatu, pamoja na majina ya watu wote wa kila nyumba.